São Paulo, Buenos Aires au Bogotá: uanze na mji gani ukienda Amerika Kusini mara ya kwanza?

Swali linakuja lile lile kila mara. Mtu ana likizo ya siku tano sita, hela inatosha mji mmoja mkubwa, anataka kuionja Amerika Kusini, aende wapi? Na mi kila mara nashindwa kujibu kwa neno moja, maana hii miji mitatu, São Paulo ya Brazil, Buenos Aires ya Argentina na Bogotá ya Kolombia, nimeifika yote na hakuna hata mmoja unaofanana na mwenzie, na mbaya zaidi ule mji nilioupenda siku ya kwanza sio niliokuja kuupenda siku ya nne.

Kwahiyo hapa sitakwambia upi bora. Nitaipima yote kwa vitu vile vile: unavyofika, mwili wako unavyopokea, unavyozunguka, msosi, hela na simu yako, alafu watu watakuonaje we Mwafrika unayekatiza mtaani kwao. Navipima kwa saa 48 za kwanza hivi, maana ndizo zinazokufanya uuchukie mji au uutamani tena. Na kama unatafuta bichi na ile sanamu ya Yesu kanyoosha mikono, hiyo ni Rio ndugu yangu, São Paulo haina bahari, nilikutana na jamaa hotelini kabeba kaptula za kuogelea tu nikamhurumia.

Unavyofika

Kwa sisi wa Afrika Mashariki São Paulo ndio nyepesi, Ethiopian inatoka Addis Ababa hadi pale na inaendelea Buenos Aires, kwahiyo miji miwili unaifikia bila kupitia Ulaya. Bogotá mara nyingi unazunguka Istanbul, Madrid au Amsterdam huko, na ukifika umechoka kama aliyetoka shamba.

São Paulo unashukia Guarulhos, kama kilomita 25 kutoka katikati ya mji. Kitu cha kwanza utakachokiona ni maghorofa ambayo hayaishi. Unaangalia dirishani dakika kumi, maghorofa, dakika ishirini, maghorofa, unajiuliza katikati ya mji ni wapi sasa, na jibu ni kwamba hamna katikati moja, zipo nyingi. Sensa ya 2022 iliwakuta watu milioni 11.5 hivi ndani ya mji tu, mwaka huo huo Dar tulihesabiwa milioni 5.4 hivi, kwahiyo chukua Dar mara mbili alafu isimamishe wima. Wengi inawatisha hii. Mi iliniboa kwanza, kila kitu rangi ya saruji.

Buenos Aires unashukia Ezeiza, nje kabisa, zaidi ya kilomita 30, ila ukitokea nchi jirani unaweza kushukia Aeroparque ambayo ipo pembeni ya mto karibu kabisa na mji. Mji ni tambarare kama meza na barabara pana kupita kiasi, ile 9 de Julio kuivuka kwa taa moja inabidi utembee kama umechelewa basi. Sura ya kwanza ni nzuri, hamna ubishi, majumba ya zamani, vibaraza vya chuma, miti kila mtaa. Alafu unaangalia chini unakuta vigae vya njia ya waenda kwa miguu vimebomoka na mbwa wameacha zawadi.

Bogotá uwanja wa El Dorado upo ndani ya mji, na kitu kinachokupokea ni milima, imesimama upande wa mashariki kama ukuta wa kijani. Ikishakuingia kichwani kwamba milima ni mashariki hupotei tena. Barabara zina namba, calle zinaelekea mlimani na carrera zinaambaa na mlima, anwani yenyewe inakwambia nyumba ilipo. Natamani mtu aliyepanga Sinza angepita pale.

Mwili wako

Hapa watu hawajiandai kabisa na ndipo safari inapoharibika.

Bogotá ipo mita 2,640 juu ya bahari. Nairobi ni kama 1,800, Arusha 1,400, kwahiyo hata Mkenya anayejiona mtu wa milima atahema. Mi mtu wa Dar nilipandisha ngazi za hosteli, ghorofa mbili tu, nikakaa kwenye ngazi na begi langu kama mzee, dada wa mapokezi akaniletea aguapanela ya moto bila hata kuniuliza. Hiyo ni sukari guru imeyeyushwa kwenye maji, wanakamulia ndimu, ladha naijua tangu utotoni ila sikuwahi kufikiria ni dawa ya mwinuko. Siku ya kwanza lala mapema, kunywa maji, usiguse pombe, na usikimbilie Monserrate, ule mlima wenye kanisa juu, maana kule ni mita 3,152 na hata kama unapanda kwa kebo huko juu kichwa kitakugonga. Baridi ni ya mwaka mzima, wastani nyuzi 14 hivi, fikiria Njombe yenye foleni. Jua, mvua na jua tena ndani ya mchana mmoja.

Buenos Aires haina mwinuko ila ina saa zake. Wanakula chakula cha usiku saa tatu, saa nne, na ukiangalia kwetu tumewatangulia saa sita, yani wao wanaagiza nyama saa nne usiku tumbo lako linajua ni saa kumi alfajiri. Nilienda mgahawani saa moja jioni nina njaa ya kufa nikakuta wanafagia, mhudumu akanitazama kwa huruma akasema rudi baadae. Kingine, majira yamegeuka, Julai ni baridi ya makoti, Januari ni joto na wenyeji wengi wanaukimbia mji kwenda baharini.

São Paulo kwa mwili ndio haina shida, mita 760 hivi, joto la kawaida, ila Desemba mpaka Machi mchana mvua inashuka ghafla, barabara zinajaa maji na foleni inakufa kabisa. Hapo mtu wa Dar utajisikia nyumbani kwa namna ambayo hukuiomba.

Kuzunguka

São Paulo bila treni ya chini ya ardhi umekwisha. Metro ni safi, ya haraka, ila asubuhi na jioni kituo cha Sé kinasukumana hadi unabebwa bila kutembea. Mabasi yana kizuizi cha kuzunguka humo humo ndani ya basi, unapanda mlango wa mbele, unagusisha kadi, unasukuma chuma, ukiwa na begi kubwa unanasa na basi zima linakuangalia. Maeneo ya kuona yapo mbali mbali, kwahiyo panga siku kwa upande mmoja wa mji, usichanganye Liberdade asubuhi, Vila Madalena mchana na Ibirapuera jioni utaishia kuiona barabara tu.

Buenos Aires ni ya miguu. Subte, treni yao ya chini ya ardhi, ilifunguliwa 1913, ya kwanza Amerika ya Kusini yote, lakini raha ipo kwenye basi, wanaita colectivo. Unapanda unamwambia dereva unakoenda, anabonyeza nauli, unagusisha kadi ya SUBE. Ukikosea kutamka mahali anakukodolea macho, sasa hapo ndio utajua Kihispania cha kwenye simu na cha pale ni ndugu wa mbali. Mtaa wanaandika calle, wenyewe wanatamka kashe.

Bogotá ina TransMilenio tangu 2000, na mtu aliyewahi kupanda mwendokasi ya Dar hahitaji maelezo, njia ya katikati ya barabara, kituo kimeinuka, lango la kadi, msongamano wa saa kumi na moja jioni ambao unamfanya mtu aikumbuke dini yake. Yetu ilianza 2016, ni ya ukoo ule ule. Tofauti ni kwamba yao ina njia nyingi zenye herufi na namba, basi moja linasimama kituo hiki lingine linaruka, siku ya kwanza nilipitishwa kituo changu mara mbili. Treni ya mjini wanaijenga, kwa saivi ni basi, teksi na miguu.

Jumapili, na kwanini ufike Jumamosi

Hii nimeitoa peke yake kwasababu ndiyo siri ya miji yote mitatu na hakuna aliyeniambia.

São Paulo, Jumapili Avenida Paulista inafungwa magari yasipite. Ile barabara ya mabenki iliyonitisha Ijumaa, Jumapili nikaikuta ina watoto kwenye baiskeli, bendi tatu zinashindana kelele, bibi anauza kachori za kwao, watu wanacheza, na juu yake limekaa jumba la makumbusho la MASP kwenye miguu yake myekundu, limeachia chini uwazi wa mita 74 bila nguzo, Lina Bo Bardi ndiye alilichora na lilifunguliwa 1968. Mi São Paulo nilianza kuipenda hapo hapo, saa tano asubuhi, nimesimama katikati ya barabara nakula muhogo wa kukaanga.

Bogotá wao ndio wababe wa hili, Ciclovía, tangu 1974. Kila Jumapili na sikukuu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana wanafunga zaidi ya kilomita 120 za barabara kwa ajili ya baiskeli na miguu. Mji mzima unatoka na traksuti. Ukikodi baiskeli kumbuka tu mwinuko, watoto wa miaka saba watakupita na watakupungia mkono.

Buenos Aires Jumapili ni San Telmo, mtaa wa Defensa unajaa meza za vitu vya kale, sahani, vitasa, saa mbovu, na wazee wanacheza tango Plaza Dorrego. Nzuri ila ni ya watalii zaidi, nadhani hapa wenzao wawili wanawazidi. Buenos Aires siku yake kwangu ni Alhamisi, saa tisa na nusu mchana, Plaza de Mayo, pale akina mama wenye vitambaa vyeupe kichwani wamekuwa wakizunguka tangu 1977 wakidai watoto wao waliopotezwa na utawala wa kijeshi. Nilisimama pembeni kimya. Sijaona kitu kingine kule kilichonieleza ule mji kwa haraka hivo.

Msosi

São Paulo, na sina aibu kusema hapa naegemea. Chakula cha mchana kuna migahawa ya kupima kwa kilo, unajipakulia unapeleka kwenye mizani unalipa, hamna kuhangaika na lugha. Wali, maharage, muhogo, mboga za majani zinazofanana na sukuma wiki, yani ni msosi wa nyumbani uliosafiri. Muhogo wenyewe kwao ndiko ulikotokea, Wareno ndio walioubeba kuja Afrika, na kule wanautengeneza kila namna, unga wa kukaanga wa kunyunyizia kwenye maharage, mpaka vimaandazi vya jibini vya pão de queijo ni wanga wa muhogo. Kila mtaa una siku yake ya gulio, unakula pastel, sambusa kubwa kama bahasha, unashushia juisi ya miwa utadhani upo Forodhani. Kwa Waislamu angalizo, feijoada, yale maharage meusi yao ya mchuzi, ina nyama ya nguruwe na ule mkate maarufu wa soko la Mercado Municipal umejaa mortadella ambayo mara nyingi ni nguruwe pia. Ila mji una watu wengi wa asili ya Lebanoni na Siria, esfiha (vimkate vyenye nyama juu) na kibe (kababu za nyama na ngano) zipo kila kona, msikiti wa Mesquita Brasil upo Cambuci, na mtaa wao wa maduka wa 25 de Março ni Kariakoo kamili, hadi kelele.

Buenos Aires ni nyama. Mtu wa nyama choma atalia machozi ya furaha, kipande kinene, chumvi tu, moto wa taratibu, hamna haraka. Asubuhi wanakula vitamu na kahawa, mchana empanada, sambusa zao za kuoka, na pizza yao nene ya mtaa wa Corrientes unakula umesimama. Mboga mboga utazitafuta kwa tochi, na siku ya tatu mimi mwili uliomba mchicha.

Bogotá ni supu. Ajiaco ina viazi vya aina tatu, kuku na hindi, kwenye ile baridi inakurudishia roho. Chokoleti ya moto wanatumbukiza jibini ndani, onja kabla hujanicheka. Matunda nenda soko la Paloquemao, utakutana na pasheni na stafeli unazozijua, alafu lulo ambayo huijui, agiza juisi yake.

Hela na simu yako

São Paulo kadi inapita kila mahali, hata muuza maji wa barabarani ana mashine. Wenyewe wanalipana kwa Pix kwenye simu, kama sisi na M-Pesa, ila mgeni bila namba yao ya mlipakodi ni ngumu kuipata. Hiyo namba wanaiita CPF na dukani watakuuliza kila ukilipa, we sema não tu. Shida kubwa ni vibaka wa simu, wanakuja na baiskeli wanakwapua unapoangalia ramani. Mama mmoja nisiyemjua alinisimamisha akanionyesha niweke simu mfukoni, kwa ukali kama wa shangazi. Ukitaka ramani ingia dukani.

Buenos Aires bei zinabadilika, usitegemee bei uliyoisoma mwaka jana. Mtaa wa Florida utasikia cambio, cambio, ni wabadilisha hela wa mtaani, na sheria za dola nazo zinabadilika, kwahiyo muulize mwenyeji wako kabla hujafungua pochi. La Boca ile mitaa ya rangi ya Caminito ni salama mchana, ukitoka nje ya hapo mitaa miwili hali inageuka. Na mtu akikumwagia kitu kwenye shati mwingine akaja kukufuta kwa upole, shika pochi kwanza ndio useme asante.

Bogotá wana msemo, usitoe papai, maana yake usimtengee mwizi kitu kilichomenywa. Bei zinaenda kwa maelfu, sisi wa shilingi hatushtuki. La Candelaria, mji wa zamani, mchana ni raha tupu, makumbusho ya dhahabu yapo jirani (Jumatatu imefungwa), ya mchoraji Botero ni bure, ila giza likiingia panda gari. Na kinywaji cha mtu usichomjua usipokee, kuna dawa wanaweka, hili sio stori za vijiweni.

Watakuonaje

São Paulo hakuna anayekuangalia. Sensa ya Brazil ya 2022 zaidi ya nusu ya watu walijitaja weusi au mchanganyiko, kwahiyo watakuongelesha Kireno moja kwa moja na wakigundua huelewi wanashangaa. Na maneno utayadaka, mesa, bandeira, vinho, hata teksi usiku wanatoza bandeira ya pili, yani bei ya juu. Nenda Museu Afro Brasil ndani ya bustani ya Ibirapuera, tenga nusu siku.

Buenos Aires utaangaliwa, sio kwa ubaya mara nyingi, ila utaangaliwa. Wasenegali wanaouza saa na mikanda barabarani ndio Waafrika wanaowajua, na mara mbili niliulizwa nauza nini. Ilinichoma kidogo. Alafu ukikaa nao mezani ni waongeaji hatari, wanakutania, wanakupa mate (sio ya mdomoni, ni chai yao ya majani) unywe kwa mrija ule ule walionyonya wote.

Bogotá walinidhania natoka pwani yao ya Pasifiki, Chocó au Buenaventura. Ni wapole na wana heshima ya zamani, hata marafiki wanaitana usted, na Kihispania chao ni kile kinachosikika neno kwa neno. Kama unajifunza lugha, hapo ndio pa kuanzia.

Sasa we ni yupi?

Una siku tatu tu na unaunganisha ndege: São Paulo, ila lala karibu na Paulista na hakikisha moja ya hizo siku ni Jumapili, vinginevyo utaondoka na picha za saruji.

Unasafiri na mwenzi wako, mnapenda kutembea taratibu, kahawa ndefu, vitabu, tamthilia: Buenos Aires, Novemba kama inawezekana, wakati mijakaranda imechanua mtaa mzima zambarau. Mtu wa Nairobi atahisi yupo nyumbani, na kumbe ule mti asili yake ni huko huko.

Unasafiri na mzazi mtu mzima mwenye presha au pumu, Bogotá iache kwanza hadi umuone daktari. Ukiwa na watoto wanaojua baiskeli, Bogotá hiyo hiyo inapanda juu ya orodha.

Unaenda peke yako na ni mara yako ya kwanza kutoka nje ya Afrika: kama unachoogopa ni kuangaliwa, São Paulo. Kama unachoogopa ni ukubwa na kupotea, Bogotá yenye mlima wake. Kama ni kutembea usiku, Buenos Aires watu wapo nje mpaka saa saba usiku na familia na watoto, japo akili usiiache hotelini.

Hela ni ndogo kabisa, sitakudanganya, piga hesabu ya nauli ya ndege kwanza, maana huko mjini unaweza kubana ila Bogotá ule mzunguko wa Ulaya unakula kila ulichookoa.

Na wote mtakaoenda, cheti cha homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti, sio kwenye begi la chini. Hawakuniuliza São Paulo, nikajiona mjanja, narudi Dar ndio nikaulizwa, na begi lilikuwa bado halijatoka.